Baridi ya Kabale: je, mwili utazoea?

"Daktari, habari za kazi. Mume wangu ni askari polisi. Mwezi wa nne alihamishiwa Kabale, huku milimani kusini magharibi mwa Uganda, kutoka Arua kule kaskazini magharibi, tukapanga vyumba viwili huku chini bondeni. Hali ya hewa ya huku imenishinda. Asubuhi ukungu mpaka nyumba ya jirani haionekani, saa nne jua linachoma, saa nane mvua, jioni meno yanagongana. Mwanetu wa miezi tisa hajamaliza wiki bila mafua tangu tufike. Mume wangu anasema tuvumilie, mwili utazoea. Jirani anasema usiku niingize sigiri ya mkaa chumbani na kufunga mlango, ndivyo wengi wanavyofanya. Mama mkwe amepiga simu, anasema baridi itampa mtoto nimonia, nimrudishe Arua. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, pole na uhamisho, na pole na hizo simu. Nitaanza na jirani, kwa kuwa maneno ya wale wawili yanaweza kusubiri hadi kesho, ya kwake hayawezi. Sigiri isilale nanyi chumbani. Hata usiku mmoja. Hata kwa "dakika chache tu, mtoto apate joto kisha niitoe", maana usingizi ukikupitia hutaitoa.

Mkaa unaowaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala kukera koo. Ukiivuta, inang'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inamlegea. Aliyelala haamki. Watu hudanganywa na moshi: huiacha sigiri nje hadi mkaa ushike, uwe mwekundu, moshi uishe, ndipo huiingiza wakiamini ubaya umetoka. Uliotoka ni moshi. Hewa yenyewe ingali inatoka, na haikomi hadi mkaa uzimike kabisa.

Jirani yako hana nia mbaya. Pengine amefanya hivyo miaka mingi na yuko hai, na huo kwake ni ushahidi tosha. Ila angalia nyumba yake: mlango haugusi sakafu, kati ya ukuta na mabati mkono unapita, dirisha la mbao lina nyufa. Kilichomwokoa ni nyufa hizo. Wewe uliyekwisha kuziba kila tundu kwa matambara kwa sababu ya baridi, ukiingiza sigiri ileile, hutapata alichopata yeye. Na mtoto hupumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo hewa ile humdhuru mapema zaidi. Ikitokea asubuhi mmeamka nyote vichwa vinauma, na ndani kulikuwa na mkaa, usidhani ni malaria ya familia nzima: tokeni nje mara moja, fungueni kila kitu, mwende hospitali hata kama kichwa kimeanza kutulia.

Mvua ikikulazimisha kupika ndani, pika mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha itoe sigiri yote nje kabla ya kulala. Usiisogeze tu pembeni. Joto lake unaweza kulihamisha kwa njia nyingine. Chemsha maji jioni, yaache yapoe kidogo (maji yanayotokota hulegeza chupa za plastiki za soda, zikapasuka kitandani), yatie kwenye chupa yenye kifuniko kisichovuja, izungushie taulo, uiweke chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Iondoe kabla ya kumlaza mtoto, kwa sababu ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kupendeza. Watu wazima mnaweza kubaki nayo miguuni. Kitanda kilichopashwa joto kabla ya kuingia ni nusu ya vita, maana mwili hautumii saa nzima ya kwanza kupasha shuka.

Sasa shemeji. Anaposema mwili utazoea ana ukweli, ila ni wa nusu. Mwili huzoea joto vizuri sana: mtu wa Kabale akipelekwa Arua, ndani ya wiki moja au mbili atakuwa anatoa jasho mapema na kwa wingi, na kazi itamwendea. Mwinuko pia huzoeleka. Mkipanda mlima na magunia mtahema mwanzoni, kisha damu itaongeza chembe nyekundu taratibu na mtasahau. Ugonjwa hasa wa mwinuko huanza kuonekana zaidi ya mita 2,500, ninyi hamjafika huko. Baridi ndiyo ambayo binadamu huizoea kidogo tu. Baada ya wiki kadhaa utatetemeka kidogo kuliko mwanzo, na akili itaacha kushtuka kila upepo unapopita. Zaidi ya hapo usitarajie makubwa. Mkiga, mwenyeji wa huku, hazaliwi na ngozi nene kuliko yako.

Alichonacho ni mazoea, na mazoea unaweza kuyaiga kuanzia leo. Simama kando ya barabara kuu saa moja asubuhi uangalie. Waendesha boda boda wamevaa makoti mazito kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya kifuani. Akina mama waliobeba watoto wameongeza shali au blanketi juu ya mbeleko, miguu ya mtoto imefichwa kabisa. Wazee wana kofia za sufu. Rudi hapohapo saa sita: makoti yamefungwa kiunoni au yametundikwa, kila mtu yuko na shati. Jioni kabla jua halijazama makoti yamerudi mwilini. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Wao husubiri wasikie baridi ndipo watafute sweta, wakati mwili umekwisha kupoteza joto lake na kulirudisha ni kazi. Mwenyeji huvaa kwa saa, hangoji kutetemeka.

Hiyo inaniongoza kwenye hali ya hewa yenyewe, kwa sababu nadhani inakuchosha zaidi kwa kuonekana haina mpangilio. Mpangilio upo. Kabale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Arua kiasi cha mita 1,200. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mlipoteza nyuzi 4 au 5 kwa kupanda tu. Arua wakati wa kiangazi mchana hupita nyuzi 30. Kabale mchana huwa 23 au 24 karibu mwaka mzima, na usiku hushuka hadi 10 au 12, siku nyingine chini ya hapo. Kwa kuwa tuko jirani na mstari wa ikweta, hakuna majira ya baridi na majira ya joto kama ya Ulaya. Tofauti kubwa ni ya mchana na usiku, na hiyo hurudi kila siku. Ukiuliza "baridi itaisha mwezi gani?" utasubiri sana. Jibu ni kwamba huisha saa nne asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni.

Mvua ya saa nane nayo ina sababu. Jua likipiga miteremko asubuhi, hewa yenye unyevu wa mabonde, wa vinamasi na wa Ziwa Bunyonyi hupanda juu, hupoa, hugeuka mawingu, na mchana inashuka. Misimu mikubwa ya mvua ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi kuingia Desemba. Mlifika Aprili, yaani katikati ya mvua, ndiyo maana mlipokelewa vibaya hivyo.

Kuna jambo ambalo wageni hulikataa hadi waonje wenyewe: usiku wa baridi kali zaidi si wa msimu wa mvua. Ni wa Juni na Julai, wakati anga iko wazi na nyota zinaonekana zote. Mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Yakikosekana, joto lote la mchana hupanda zake. Kwa hiyo msipumzike kwa kuona mvua imekatika. Anga ikiwa safi jioni, toa blanketi la pili. Na ukungu ule unaokutisha asubuhi ni mtoto wa usiku huohuo wa anga safi, kwa kawaida ni dalili kwamba kufikia saa nne jua litakuwa limewaka. Mimi ningeogopa zaidi asubuhi isiyo na ukungu lakini yenye mawingu mazito ya kijivu. Siku kama hiyo nguo ulizofua zinaweza kulala mbichi. Fua mapema, anika ukungu unapoinuka, anua kabla ya saa saba hata kama mbingu bado ni buluu. Jua la mchana nalo usilidharau kwa sababu ya baridi ya asubuhi: hewa ya juu ni nyepesi na huchuja mionzi kidogo, kwa hiyo huunguza ngozi na kukausha midomo. Mtoto avae kofia pana, nawe usikose mafuta ya kujipaka.

Umesema mmepanga chini bondeni. Hapo, dada yangu, kodi huwa nafuu na baridi huwa kali, na mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Hewa baridi ni nzito. Usiku huteremka kwenye miteremko kama maji na kutuama bondeni, hasa upande wa mto Kiruruma kwenye kinamasi, ambako ukungu ndiko hulala na kuchelewa kuondoka. Nyumba iliyo nusu ya mteremko, si juu kabisa penye upepo wala chini kabisa penye dimbwi la baridi, inaweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa usiku uleule. Mkataba wenu ukiisha, tafuteni huko, na mtakapokwenda kuangalia nyumba nendeni asubuhi. Tazama dirisha la chumba cha kulala linaelekea wapi: likielekea mashariki mtapata jua la kwanza. Uliza kama kuna dari. Nyumba ya mabati matupu bila dari hupoa jua linapozama tu, na asubuhi utaona matone yananing'inia upande wa chini wa bati hata kama mvua haikunyesha. Hayo si mvujo, kwa hiyo usigombane na mwenye nyumba. Ni pumzi zenu na mvuke wa chakula vimegusa bati baridi vikageuka maji. Unyevu huo ndio unaoleta kuvu ukutani, viatu kuota ukungu wa kijani na blanketi kuwa zito.

Kwa hiyo hata katika baridi nyumba inahitaji kupumua. Matundu ya hewa yaliyo juu ya mlango au dirisha yaache wazi. Ziba nafasi ya chini ya mlango kwa tambara, hapo ndipo upepo unaopita sakafuni huingilia. Mchana, kati ya saa nne na saa saba, fungua kila kitu, toa magodoro na mablanketi yapigwe na jua. Blanketi kavu jepesi hupasha kuliko blanketi zito lenye unyevu. Kama mwenye nyumba hataki kuweka dari, kitambaa kizito au turubai likifungwa chini ya mabati juu ya kitanda litasaidia. Halipendezi, lakini linafanya kazi. Liwe mbali na mshumaa na taa.

Tukiwa kwenye kitanda, nisikilize hapa vizuri, maana nimeona watu wakinunua blanketi la tatu na bado wanatetemeka. Baridi iliyokuwa ikiwasumbua ilitoka chini. Godoro jembamba likiwekwa juu ya sakafu ya saruji, uzito wako hulibana, na usiku kucha saruji hunyonya joto la mgongo. Kabla ya kuongeza cha juu ongeza cha chini: mkeka wa mafunjo, na chini yake maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa, safu mbili au tatu. Mkeka unauzwa sokoni kwa bei ndogo, katoni utapewa dukani. Mkiweza kitanda cha mbao cha kuwainua kutoka sakafuni, vizuri zaidi. Ukipanga fedha ya uhamisho, iweke hapo kabla ya kufikiria hita ya umeme.

Mavazi sitayapigia porojo ndefu. Nguo tatu nyepesi zinazidi koti moja zito, kwa sababu kati ya nguo na nguo hukaa hewa yenye joto, na pia unaweza kuvua moja moja jua linapopanda. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukupoza. Sufu hata ikilowa bado hupasha. Kwenye mivumba (mitumba) tafuta sufu, uishike kwa mkono, usidanganywe na unene. Nguo yoyote iliyolowa ivuliwe papo hapo. Kusema "itakaukia mwilini" kunafaa Arua. Kwa shemeji anayekwenda doria ya usiku, soksi kavu za akiba mfukoni zina thamani kuliko koti la pili, na mwambie waragi haipashi mwili. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu anasikia moto usoni huku joto la ndani likimtoka. Ukipita usiku mrefu namna hiyo utarudishiwa mume aliyeganda vidole na mwenye hasira. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai itamfaa zaidi, pamoja na mlo kamili wa moto kabla ya kutoka, kwa sababu mwili ukiwa unasaga chakula hutoa joto.

Kuhusu chakula, nitasema tu kwamba maharage yako yakichelewa jikoni, hayajaharibika. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva. Yaloweke usiku kucha. Viazi vya huku ni vizuri, posho (ugali) unaijua, na bushera (uji wa mtama) ya moto asubuhi ni kitu ambacho wageni wengi hukipenda kabla hawajapenda kitu kingine chochote cha Kabale. Na kunywa maji hata kama husikii kiu. Baridi huificha kiu, hasa kwako unayenyonyesha.

Tumfikie mama mkwe. Wasiwasi wake naustahi, kwa sababu nimonia huua watoto wadogo na hafanyi vibaya kuiogopa. Ila nimonia huletwa na vijidudu, na baridi peke yake haiumbi kijidudu. Inachofanya ni kuwasukuma watu wakae ndani, wamebanana, madirisha yamefungwa, moshi umejaa, na hapo virusi hupita kutoka pua moja hadi nyingine. Moshi wa kuni na mkaa huumiza njia za hewa za mtoto na kumfungulia mlango nimonia. Unaona basi kwamba sigiri ile ya jirani ina makosa mawili, moja la usiku huohuo na lingine la miezi. Kama kuna jambo moja la kumkinga mwanao lenye uzito kuliko sweta zote, ni kumweka mbali na moshi na kuendelea kumnyonyesha.

Mafua yenyewe yasikutishe sana. Mtoto mdogo mwenye afya anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, popote alipo. Mwanao amehamia mji wenye virusi ambavyo hajawahi kukutana navyo, na anavikusanya vyote kwa pamoja. Msafishe pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya. Asali usimpe hadi afikishe mwaka, hata bibi yake akisisitiza, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo huota na kutoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Mafuta ya kupaka kifuani yenye kafuri si ya mtoto aliye chini ya miaka miwili. Na usinunue amoksisilini dukani kwa ajili ya mafua. Haiui virusi, na utaifanya isifae siku itakapohitajika kweli.

Siku hiyo utaijuaje? Kwa kuhesabu pumzi. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue tumbo, weka simu ihesabu dakika moja kamili, uhesabu tumbo linavyopanda. Nusu dakika ukizidisha mara mbili haitoshi, watoto hupumua kwa vipindi. Kwa umri wake wa miezi tisa, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishafikisha mwaka mmoja kipimo kinakuwa 40. Angalia pia sehemu ya chini ya kifua: ikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke papo hapo. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, hapo usihesabu chochote, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kabale, saa yoyote ya usiku. Mzoeshe shemeji naye kuhesabu sasa, mtoto akiwa mzima, ili mjue pumzi yake ya kawaida ikoje.

Kumvisha kuna kosa la pande zote mbili. Mpe nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, kofia na soksi. Usipime baridi kwa kushika vidole vyake. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Tia mkono nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na joto na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, umezidisha, mvue moja. Usimfunike uso, wala usimlaze chini ya blanketi zito la watu wazima. Kumwogesha iwe kati ya saa tano na saa saba, maji yawe ya vuguvugu, dirisha limefungwa kwa muda huo, taulo likiwa tayari mkononi kabla hujamvua. Hakuna sheria inayosema lazima aogeshwe jioni. Siku ya mvua ya kutwa mpanguse tu kwa kitambaa.

Toa kadi yake ya chanjo uliyokuja nayo kutoka Arua. Tazama kama chanjo ya nimokoko, ile inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, imekamilika, kwa sababu hiyo inalenga moja ya sababu kubwa za nimonia. Akiwa na miezi 9 anastahili chanjo ya surua na rubela sasa hivi, na surua nayo hufuatwa na nimonia mara nyingi. Kuhama kumewafanya wazazi wengi waikose tarehe hii. Kama kuna mtu nyumbani mwenye pumu au sikoseli, yeye ana hesabu yake. Baridi ya ghafla huweza kuamsha maumivu ya sikoseli na kubana kifua cha mwenye pumu, kwa hiyo ajiandikishe kliniki mapema kabla hajaugua, akiwa na dawa zake za akiba.

Utauliza, kwa hiyo nisimrudishe Arua? Kwa sababu ya baridi, hapana. Na hapa nina neno la kumwambia mama mkwe ambalo sidhani kama amelifikiria. Ukanda wa Nile Magharibi, ilipo Arua, una malaria nyingi, Kabale ina kidogo. Wageni wanaopanda huku husikia "hakuna mbu" wakatupa chandarua, nami siungi mkono. Mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, Kabale hii hii ilikumbwa na mlipuko wa malaria, na watu wengi waliugua vibaya kwa sababu miili yao haikuwa na kinga. Ninyi mmeishi Arua mkiumwa na mbu mara kwa mara, mna kinga kiasi. Mkikaa milimani kinga hiyo hupungua, na mwanenu hata hajaijenga. Kwa hiyo mkishuka Arua Krismasi kumsalimia bibi, atakayekuwa hatarini ni huyo mnayemkinga na baridi. Chukueni chandarua chenye dawa, mlale ndani yake tangu usiku wa kwanza, na mpimeni mtoto akipata homa yoyote. Mkisharudi Kabale, homa ikitokea katika wiki zinazofuata, usikubali iitwe mafua tu bila kipimo. Mhudumu wa huku anaweza asiwaze malaria kwanza, kwa hiyo usingoje akuulize: mwambie mlangoni kwamba mmetoka Arua.